Maji Yameingia

Katika rasimu ya kwanza ya riwaya ninayoiandika, mji wa Pangani ulizama usiku mmoja wa mwaka 2071. Niliuandika usiku huo kwa bidii kubwa: bahari ikainuka kama ukuta, minara ya misikiti ikaanguka, kivuko cha Bweni kikapinduka kikiwa kimejaa abiria, na kulipopambazuka hapakuwa na mji tena bali maji matupu, kutoka mlango wa mto hadi kwenye mashamba ya mkonge. Kurasa hizo nilimpelekea shangazi yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, amefundisha shule ya msingi kwa zaidi ya miaka 30, na hajawahi kusifu kazi mbovu ili kumfurahisha mtu. Alizisoma kwa siku mbili. Nilipompigia simu, baada ya shikamoo na marahaba na habari za nyumbani, aliniuliza swali moja tu.

"Mwanangu, watu wote hawa wamekufa usiku mmoja. Nani aliwazika?"

Sikuwa na jibu, na kwa wiki nzima sikuandika hata neno. Swali lake lilinionyesha kwamba nilikuwa nimewaangamiza watu nisiowajua. Katika pwani niliyokulia mtu hafi akaisha hivi hivi. Maiti inaoshwa, inakatiwa sanda, vijana wa mtaa wanachimba kaburi, watu wanasoma dua, na kabla hawajatawanyika makaburini husimama mmoja wa jamaa akatangaza kwamba yeyote anayemdai marehemu awaendee warithi wake. Mji mzima ukizama, tangazo hilo linatolewa na nani, na deni lenyewe ni la nani? Nilianza kuona kwamba riwaya yangu ilitakiwa kuanzia hapo, katika maziko na madeni, na kwamba ule usiku wa mawimbi nilikuwa nimeuweka ili nisiifanye kazi iliyokuwa ngumu.

Ugumu wa kwanza ulikuwa wa kipimo. Ripoti ya mwaka 2021 ya jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa inaeleza kwamba kati ya 1901 na 2018 usawa wa bahari duniani ulipanda kwa wastani wa sentimeta 20, yaani pungufu kidogo ya shibiri ya mtu mzima, na kwamba kasi ya kupanda, ambayo hadi 1971 ilikuwa milimita 1.3 kwa mwaka, ilikuwa imefika milimita 3.7 kwa mwaka katika kipindi cha 2006 hadi 2018. Milimita 3.7 ni kama unene wa sarafu mbili zilizobebanishwa. Mwandishi atamtisha nani kwa sarafu mbili kwa mwaka? Ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia wimbi kubwa. Lakini bahari haihitaji wimbi kubwa. Shibiri moja inatosha, siku ya bamvua, maji yanapojaa kuliko siku nyingine, na upepo unapoyasukuma kuelekea nchi kavu, kuyafikisha maji ya chumvi mahali ambapo babu alichimba kisima akijua kwamba hayafiki. Kisima chenyewe hakibomoki, na ukikitazama kiko vilevile. Kinachobadilika kwanza ni ladha ya chai, halafu sabuni inagoma kutoa povu, halafu mama mmoja anaanza kumtuma mtoto kisima cha mbali zaidi bila kumweleza sababu. Sura hiyo ya kisima niliiandika mara nne, na ndiyo ninayoiamini kuliko zote.

Shangazi alinishauri niende Maziwe nikiwa na kaka yake, baba yangu mkubwa, ambaye ameshavuka miaka 70 na alivua samaki tangu ujana wake. Maziwe ni jina ambalo watu wa Pangani bado wanalitaja kama jina la kisiwa. Kilikuwa kisiwa kweli, chenye miti, na kilihesabiwa miongoni mwa mahali muhimu zaidi pa kasa kutagia mayai katika pwani yote ya Afrika Mashariki. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa kikiliwa upande kwa upande, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha. Zipo sababu zaidi ya moja zinazotajwa, kuanzia ukataji wa miti iliyoushikilia mchanga hadi mikondo na bahari yenyewe kupanda, na mimi sitaki kumbebesha mmoja mzigo wa wote. Leo Maziwe ni fungu la mchanga: maji yakipwa linaonekana jeupe katikati ya bahari, na bamvua ikijaa linafunikwa.

Tulifika asubuhi, maji yakiwa yamekupwa. Baba mkubwa alishuka chomboni akiwa ameshika kandambili zake mkononi, akasimama kwa muda akiutazama mchanga, kisha akaanza kutembea akihesabu hatua kwa sauti ya chini. Alipofika arobaini na kitu aliacha kuhesabu, akainua mkono na kuonyesha juu, hewani, mahali pasipokuwa na kitu isipokuwa membe wawili. "Mivinje ilikuwa hapa," alisema. "Tulikuwa tunatia nanga upande ule, tunapika wali, tunalala kivulini mpaka maji yajae. Upepo ukipita ile mivinje inaimba, unalala usingizi mzito mpaka unachelewa kurudi." Mkono wake ulibaki juu kwa muda, kama mtu anayeshika tawi. Nilimuuliza walijisikiaje kisiwa kilipoanza kupotea. Alifikiri, akasema kwamba hakuna siku kilipoanza kupotea. Walikuwa wanarudi kila msimu, wanakuta mvinje mmoja umelala na mizizi iko nje, wanaupasua kuni, wanapikia. Kisha akasema, "Kisiwa kimekwenda," na nahodha akatuita kwa kuwa maji yalikuwa yamegeuka.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikilifikiria lile neno. Mzee hakusema kisiwa kilikwenda, ingawa ni jambo la zaidi ya miaka 40 iliyopita. Alisema kimekwenda. Sisi tunaozungumza Kiswahili kutwa kucha tunaitumia -me- bila kuifikiria, lakini ina kazi ambayo -li- haiwezi: inaeleza jambo lililokwisha kutendeka ambalo hali yake bado iko nasi. Mgeni aliyefika jana na kuondoka, alifika. Mgeni aliyeketi sebuleni amefika. Rasimu yangu ya kwanza niliiandika kwa -li-, kama hadithi zote, na sehemu za utangulizi kwa -ta-: bahari itapanda, visima vitaharibika, watu watahama. Ile -ta- ilikuwa inanipa sauti ya mhubiri au ya mtangazaji wa hali ya hewa, na msomaji akiisikia anajua kwamba bado ana muda. Baba mkubwa, ambaye hajawahi kusoma riwaya ya aina hii, alinipa wakati wa kisarufi ambao nilikuwa nimeukosa kwa miaka miwili. Maji yameingia. Kisiwa kimekwenda. Mvua imekosa njia. Sasa mhusika wangu mkuu, mwanamke wa miaka 60 anayeishi Pangani mwaka 2071, anasimulia kwa -me- kila jambo ambalo bado linamuuma, na anatumia -li- kwa yale tu ambayo ameshayasamehe.

Kuna jambo jingine la lugha ambalo ni gumu zaidi, nalo ni kwamba Kiswahili kimeshakuwa na fasihi ya maangamizi kwa karne nyingi. Wahakiki wetu wa leo wanatumia neno distopia kwa bunilizi zinazochora jamii ya baadaye iliyoharibika, lakini msomaji wa pwani akikutana na bahari inayopanda na jua linalochoma, jambo la kwanza linalomjia akilini ni Kiyama. "Hizi ni siku za mwisho," atasema, na atasema kwa imani, na mimi siwezi kuidharau imani ambayo nimelelewa nayo. Ila nimejifunza kuitazama tofauti iliyopo. Kiyama ni hukumu ya Mwenyezi Mungu, na binadamu hana la kufanya juu ya tarehe yake. Kisima kinachoingia chumvi kwa sababu watu wamechoma makaa ya mawe na mafuta kwa miaka mingi si Kiyama, ni deni, na deni lina mkopaji na lina mdai. Bara zima la Afrika linatoa kama asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa inayotokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi. Anayeyaita haya siku za mwisho bila kuuliza zaidi, bila kukusudia, amelifuta deni hilo kabla ya maziko.

Hata hivyo, sikuukimbia urithi huo, kwa kuwa ndani yake nilipata mwalimu. Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir uliotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, unauchora mji wa Pate baada ya fahari yake kwisha. Mshairi haonyeshi moto wala gharika. Anaonyesha vidaka vya ukutani, vile ambamo matajiri walipanga sahani za kaure, na sasa ndimo makinda ya ndege yanamolala. Anatusikilizisha nyenje wakilia katika kumbi zilizokuwa zimejaa mazungumzo. Pate haikuangushwa na tabianchi, na kusudi la mshairi lilikuwa kuionya nafsi yake isihadaike na dunia. Lakini njia yake ya kutazama ni ile ninayoihitaji: yeye huingia ndani ya nyumba, hukitazama kidaka, na kukuambia nani analala humo sasa. Nimeisoma tena mara nyingi mwaka huu, na kila nikirudi kwenye kurasa zangu nafuta minara inayoanguka na kuuliza ndani ya nyumba hii kuna nini.

Jibu la swali hilo, kwa upande wa riwaya yangu, lilikuwa daftari.

Oktoba 2022 maji ya Mto Ruvu yalipungua sana, na mgao ukatangazwa Dar es Salaam, jiji ninaloishi na kufanya kazi. Mtaani kwetu kulikuwa na kisima kirefu kimoja cha mtu binafsi, na foleni ilikuwa inaanza kabla ya adhana ya alfajiri. Msimamizi alikuwa kijana mpole wa miaka kama 20, aliyekaa juu ya dumu lililogeuzwa chini juu, akiwa na daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Alikuwa amelichora safu tatu kwa rula: jina, madumu, na alichokiita hali. Nililiona kwa karibu kila siku nilipokuwa nikisubiri zamu yangu, nami nilikuwa nasoma majina kichwa chini: Mama wa Vitumbua, 4, deni. Fundi Baiskeli, 2, amelipa. Mwalimu, 3, deni. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

Wiki ya kwanza tulikaa kama ndugu. Mwenye mgonjwa alipitishwa mbele, mjamzito hakubeba, na jirani mwenye simtanki alipitisha mpira juu ya ukuta jioni ili wazee wawili wa nyuma yetu wapate maji ya kutawadhia. Vitabu vingi vya aina hii vinadai kwamba maji yakikatika saa moja, saa ya pili watu wanakuwa wanyama. Mimi sikuliona hilo, na nakataa kuliandika. Niliona jambo lililonitia hofu zaidi. Wiki ya pili dumu la lita 20 lililokuwa shilingi 300 likawa 500, halafu 700. Wiki ya tatu ikazuka orodha nyingine, iliyokuwa inaandikwa usiku, ya waliotuma fedha kwa simu. Asubuhi tulipofika tukiwa na madumu yetu tulikuta guta mbili zimejazwa, kwa ajili ya watu ambao hawakuwa wakikaa mtaani kwetu kabisa. Hakuna aliyepiga kelele. Kijana aligeuza ukurasa, akaonyesha kwa kalamu kwamba majina yao yametangulia, na kweli yalikuwa yametangulia. Mama wa Vitumbua, ambaye kila asubuhi alilisha nusu ya mtaa, aliambiwa deni lake limezidi. Alikunja khanga yake vizuri, akachukua madumu yake matupu na kwenda zake, na siku hiyo hapakuwa na vitumbua.

Baadaye mvua zilinyesha, mabomba yakarudi, na mambo yakasahaulika. Mwezi wa pili nilimfuata yule kijana nikamwomba lile daftari, nikimweleza kwamba ninaandika kitabu. Akacheka, akaniambia kurasa zake zimeshafungiwa karanga. Katika riwaya yangu ya mwanzo niliweka askari wenye bunduki wakilinda matangi ya maji. Nimewaondoa wote. Nimemweka kijana mpole mwenye rula.

Ninapotazama kazi za wengine ninazoziheshimu, naona kwamba nguvu yao inatoka katika mambo ya namna hii. Octavia Butler, mwandishi Mmarekani mweusi aliyezaliwa Pasadena, California, mwaka 1947, alichapisha Parable of the Sower mwaka 1993 na kuianzisha hadithi yake mwaka 2024. Katika ulimwengu wa kitabu hicho watu wanaishi nyuma ya kuta, na maji yana bei kubwa kuliko petroli. Mwaka wake ulipofika, na Januari 2025 moto ulipoiteketeza Altadena, jirani kabisa na mji aliozaliwa, wengi walimwita nabii. Mimi naona alikuwa mtu wa hesabu: alichukua ukame, bei na uzembe aliokuwa akiuona wakati wake, akavijumlisha kwa miaka 30 bila kupunguza kitu. Cape Town ilifika karibu na ukurasa wa namna hiyo mwaka 2018. Kuanzia Februari mosi kila mkazi alitakiwa kutumia si zaidi ya lita 50 kwa siku, na mpango ulikuwa tayari kwamba siku ambayo mabomba yangefungwa, kila mtu angepanga foleni kwenye vituo maalumu kuchukua lita 25. Siku hiyo haikufika, kwa kuwa wakazi walibana matumizi na mvua zikaja. Katika hadithi yangu nimeiacha iitwe "siku ile", nao wahusika wanabishana kama ilifika au haikufika, kwa sababu kwa familia nyingine, zile ambazo hazijawahi kuwa na bomba ndani, ilikuwa imeshafika tangu zamani.

Karibu zaidi na kwetu ipo Pumzi, filamu fupi ya Mkenya Wanuri Kahiu ya mwaka 2009, yenye jina la Kiswahili ingawa wahusika wake hawazungumzi sana. Inatuweka miaka 35 baada ya vita vya maji, katika jumuiya iliyojifungia ndani, ambako jasho na mkojo vinakusanywa na kusafishwa ili vinywewe tena, na ambako hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Asha, mtunza makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu na kuotesha mbegu ndani yake. Anaomba ruhusa ya kutoka nje, na anakataliwa. Nimeitazama mara nyingi, na kinachonishika kila mara ni lile ombi la ruhusa. Kahiu anajua kwamba mahali palipoharibika hivyo bado patakuwa na watu wa kujaza fomu kwao.

Nilikosea pia upande wa sayansi, na kosa hilo nalitaja kwa kuwa linafanywa na wengi. Niliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro ikiisha Mto Pangani utakauka. Barafu kweli inaisha: kati ya 1912 na miaka ya karibuni imepungua kwa zaidi ya asilimia 80, na UNESCO ilitoa taarifa mwaka 2022 ikiihesabu miongoni mwa barafu zitakazotoweka ifikapo 2050. Lakini maji ya mto hutoka zaidi kwenye mvua na misitu ya mlimani kuliko kwenye barafu ya kileleni. Atakayetaka kuuona mto ukifa hana budi kuutazama msitu, mifereji, mashamba makubwa na misimu ya mvua. Picha ya kilele cheupe kinachogeuka cheusi ni rahisi na inavutia, nami nilikuwa nimeipenda. Nimekiacha kilele kipoteze weupe wake katika sentensi moja, na sura nzima nimeipa msitu.

Misimu ndiyo iliyonipa umbo la kitabu. Sura nimeziita kwa majina tunayoishi nayo: kaskazi, masika, kusi, vuli, kisha tena kaskazi. Nilitaka msomaji azizoee kama anavyozizoea maishani, halafu zianze kumdanganya. Kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo katika sehemu kubwa za Kenya, Somalia na Ethiopia. Haikupita hata mwaka mmoja, mvua za vuli za 2023 zikaja kwa ghadhabu. Kwetu, Desemba 3 mwaka huo, matope yaliyoporomoka kutoka Mlima Hanang yaliufunika mji mdogo wa Katesh na kuua zaidi ya watu 80. Aprili 2024 Rufiji ilikuwa chini ya maji. Na mapema Mei kimbunga Hidaya kikaja hadi Mafia. Mkulima aliyeuza ng'ombe wake kwa sababu ya ukame ndiye huyohuyo ambaye shamba lake lilisombwa. Katika hadithi nyingi janga ni moja, ama jangwa ama gharika, na hapo ndipo zinapoachana na maisha. Katika kitabu changu kuna mwaka ambao sura ya vuli ina kichwa chake na ukurasa mweupe. Mhariri wa kwanza aliyeiona alidhani ni kosa la uchapaji, na nilifurahi, kwa sababu watu mwaka ule nao walidhani ni kosa, wakaendelea kusubiri.

Kuhusu joto nitasema kidogo tu. Kila mtu wa pwani analijua fukuto, ile hali ambayo jasho linatoka lakini halikauki. Wanasayansi hulipima kwa kufunga kitambaa chenye maji kwenye ncha ya kipimajoto. Kipimo hicho kikifika nyuzi 35, jasho haliwezi tena kuupoza mwili, na hata mtu mzima mwenye afya, akiwa kivulini na maji ya kunywa anayo, hufa baada ya saa chache. Majaribio yaliyofanywa kwa vijana yanaonyesha kwamba mwili huanza kushindwa kabla ya kufika huko. Februari niliifanya kazi hiyo mwenyewe barazani kwa shangazi, nikitumia uzi na kipande cha pamba. Kipimajoto kikavu kilisoma 32, chenye kitambaa kilisoma 27. Shangazi alikuwa akijipepea kwa kipepeo cha ukili, akaniuliza namba hiyo ni nzuri au mbaya. Nilimwambia bado iko nafasi. Akauliza nafasi ya ngapi. Nikamwambia nane. Akaendelea kujipepea, na sote tulinyamaza.

Siku ile tuliyotoka Maziwe tulipita Ushongo, na huko nililiona daftari la pili. Kasa bado wanakuja kutaga juu ya lile fungu. Kasa jike hurudi kutaga katika eneo alikoanguliwa, na wapo wanaorudi Maziwe hadi leo, wanapanda usiku, wanachimba, wanataga, wanafukia na kuondoka, bila kujua kwamba bamvua ijayo itayafunika mayai na kuyaua. Kwa hiyo watu huyafuata. Huyafukua mapema asubuhi, huyapanga ndoo kwa ndoo bila kuyageuza, kwa kuwa yai la kasa likigeuzwa kiumbe kilichomo huweza kufa, kisha huyavusha hadi ufukweni Ushongo na kuyafukia upya katika shimo la kina kilekile, mahali ambapo maji hayafiki. Kijana aliyetuonyesha alikuwa na daftari, nalo la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Safu zake zilikuwa nyingi zaidi: tarehe, idadi ya mayai, saa yalipotolewa, saa yalipofukiwa, waliototolewa. Mahali pengi safu ya mwisho ilikuwa bado haijajazwa, kwa kuwa mayai hukaa ardhini kama miezi miwili. Alitueleza pia jambo ambalo wataalamu wanalihofia, kwamba jinsia ya kasa inaamuliwa na joto la mchanga, na mchanga ukizidi kupata joto wanatoka majike karibu watupu. Baba mkubwa alimsikiliza kwa makini sana. Kisha akauliza kama anaweza kubeba ndoo moja.

Mwanamke wangu wa mwaka 2071 sasa anafanya kazi hiyo. Ameshawazika wengi, kila mmoja kwa jina lake, na madeni yao ameyaandika. Mji wake haujazama. Umesogea nyuma mara tatu, na visima vimehama pamoja nao. Sura ya kwanza inamkuta alfajiri, maji yakiwa yamekupwa, akivuka kutoka kwenye fungu akiwa na ndoo mapajani na mayai 118 ndani yake. Nilimpelekea shangazi kurasa hizo mwezi uliopita. Alizirudisha zikiwa na alama za kalamu nyekundu, kama alivyokuwa akiturudishia madaftari yetu ya darasa la tatu. Kuhusu maziko hakuandika kitu. Pembeni mwa ukurasa wa tatu aliandika: "Mchanga wa ndoo uwe umelowa kidogo. Muulize kaka." Nimemuuliza, na nimerekebisha.